Mlima Uonekanao kutoka Relini: Picha za Ukumbusho za Reli ya Usambara kama Zana ya Kufundishia

Utangulizi

Mwanachuo anapoambiwa atafute zana za kufundishia historia au jiografia, mara nyingi jambo la kwanza analolifikiria ni picha. Hakosei. Picha hupunguza wingi wa maneno ya mwalimu, huamsha udadisi wa watoto, na humfikisha mwanafunzi mahali ambapo miguu yake haiwezi kumfikisha. Hata hivyo picha ina hatari yake. Mtoto akisoma sentensi hujua kwamba kuna mtu aliyeiandika, lakini akitazama picha hudhani kwamba anakitazama kitu chenyewe. Hasahau tu aliyeipiga, bali hata hamfikirii.

Makala haya yanahusu aina moja ya picha: zile za ukumbusho zilizouzwa kwa wasafiri wa reli, zikionyesha milima iliyopitiwa na garimoshi. Mfano wetu mkuu ni Reli ya Usambara, na darasa letu la mfano liko Mashewa, katika Wilaya ya Korogwe. Shabaha ni kumwonyesha mwalimu mwanafunzi namna ya kuzitumia picha hizo ili watoto wajifunze kuzihoji, si kuzipokea tu. Kwa mtoto aliyezaliwa chini ya mlima uliopigwa picha jambo hili si dogo: akifundishwa kuuona mlima wake kwa jicho la mpita njia peke yake, atajifunza kwamba kwao ni mahali pa kutazamwa, si mahali pa kuishi.

Asili ya picha hizi

Desturi ya kuuza picha za milima kando ya reli haikuanzia kwetu. Uswisi ilifungua reli ya kupandia mlima Rigi mwaka 1871, na abiria walipenda kurudi nyumbani na picha ya walichokiona. Huko Marekani, William Henry Jackson alizunguka milima ya Colorado na kamera yake, akipiga picha za magenge na mabonde ambamo reli mpya zilikuwa zimepitishwa. Picha hizo zilifanya kazi mbili kwa pamoja. Zilimpa msafiri kumbukumbu, na zilimshawishi asiyesafiri anunue tiketi.

Reli zilipofika Afrika ya Mashariki, kamera ilifuatana nazo. Reli ya Uganda, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ilipigwa picha nyingi, hasa pale magari yalipoteremshwa kwa kamba kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Kwa upande wetu, Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Kazi ilikwenda polepole sana. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909, na Moshi mwaka 1911. Urefu wote kutoka Tanga hadi Moshi ni kilomita 350 hivi. Ni vema mwalimu aiandike miaka hii katika daftari lake, maana tutaihitaji baadaye.

Miongoni mwa wapiga picha wa wakati huo alikuwamo Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na studio Dar es Salaam na aliyeishi katika koloni hilo hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alizunguka sehemu nyingi za nchi, Usambara ikiwemo, na picha zake nyingi leo zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani, ambako zinaweza kutazamwa kwa njia ya intaneti. Carl Vincenti naye alipiga na kuuza picha Dar es Salaam. Picha za watu kama hawa zilichapwa kuwa kadi za posta, zikanunuliwa na maofisa, walowezi, wamisionari na wasafiri, kisha zikatumwa Ulaya. Mnunuzi hakuwa mtu wa Mashewa wala wa Vuga. Jambo hilo peke yake linatueleza mengi juu ya kilichowekwa ndani ya picha na kilichoachwa nje.

Mambo manne ya kujua kabla ya kuingia darasani

La kwanza ni mahali aliposimama mpiga picha. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito, zikisimamishwa juu ya miguu mitatu, na vibao vya kioo vya kupigia picha vilivunjika upesi. Kwa sababu hiyo ilikuwa rahisi zaidi kupiga picha pale garimoshi liliposimama kuliko kubeba mzigo huo hadi mgongoni mwa mlima. Reli ya Usambara hupita kusini na magharibi ya milima, kwenye nchi ya chini. Kutoka Mombo kwenda Mazinde na Buiko hufuata mguu wa mlima, na genge la Usambara husimama juu yake kama ukuta. Huo ndio uso wa mlima uliojulikana na wanunuzi wa kadi. Mashewa iko upande mwingine, katika bonde la Lwengera linalotenga Usambara Magharibi na Usambara Mashariki. Mtoto wa Mashewa huiona milima hiyo kila asubuhi, lakini huiona kutoka upande ambao garimoshi halikupita.

La pili ni tabia ya vibao vyenyewe. Vibao vya zamani viliathiriwa na mwanga wa buluu kuliko mwanga mwekundu au wa kijani. Matokeo yake ni kwamba anga mara nyingi lilitoka jeupe tupu, na milima ya mbali, ambayo macho yetu huiona ya buluu, ilififia. Mwanafunzi asidhani kwamba siku ile haikuwa na mawingu, wala kwamba mlima ulikuwa umefunikwa na ukungu. Hata mawingu yakionekana, huenda yaliongezwa na mchapaji ili kupamba picha.

La tatu ni rangi. Kadi nyingi za koloni letu zilichapwa Ujerumani kutokana na picha zisizo na rangi. Pale ambapo rangi imetiwa, ilitiwa na wafanyakazi wa kiwanda ambao hawakuwahi kuiona Usambara. Kwa hiyo rangi ya udongo, ya majani au ya nguo katika kadi za namna hiyo si ushahidi. Umbo la mlima laweza kuaminika. Rangi yake haiwezi.

La nne ni maandishi. Juu ya kadi huenda pakaandikwa Usambarabahn, yaani Reli ya Usambara, au Wilhelmstal, jina ambalo Wajerumani waliipa Lushoto. Mwalimu atafsiri maneno hayo, kisha awaulize watoto ni nani aliyeyatoa majina hayo na ni majina gani yaliyokuwapo kabla yake.

Kukadiria umri wa kadi

Zoezi hili hupendwa na watoto kwa kuwa hufanana na kufumbua fumbo, nalo huwafundisha kutoa sababu. Mwalimu awape wanafunzi alama zifuatazo za kuchunguza.

(a) Kituo. Kadi inayoonyesha garimoshi katika stesheni ya Mombo haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1905, kwa sababu reli haikuwa imefika.

(b) Upande wa anwani. Ujerumani iliruhusu mwaka 1905 upande wa nyuma wa kadi ugawanywe sehemu mbili, moja ya anwani na moja ya salamu. Kabla ya hapo nyuma paliandikwa anwani peke yake, na mwandishi alilazimika kubana salamu zake upande wa picha, pengine juu ya anga la mlima wenyewe.

(c) Stempu. Hadi mwaka 1904 rupia ya koloni iligawanywa katika pesa 64. Baadaye iligawanywa katika heller 100, na stempu za heller zikatolewa mwaka 1905. Stempu iliyoandikwa pesa ni ya zamani zaidi.

Mwalimu asisitize tofauti iliyopo kati ya mwaka wa kupigwa picha na mwaka wa kutumwa kadi. Picha moja iliweza kuuzwa kwa miaka mingi. Stempu hutuambia kadi ilitumwa lini. Haituambii mpiga picha alisimama pale lini.

Somo la mfano

Tuchukue mwanachuo aliyepangiwa mazoezi ya kufundisha Mashewa, darasa la tano, wanafunzi 48. Ana vipindi viwili vinavyofuatana vya dakika 40 kila kimoja.

Madhumuni: Mwishoni mwa somo kila mwanafunzi aweze (i) kueleza mpiga picha alisimama wapi; (ii) kutaja mambo matatu yaliyomo katika picha na mambo matatu yaliyoachwa; (iii) kuchora picha yake ya mlima na kueleza kwa nini amechagua upande huo.

Zana: Nakala sita za picha moja ya zamani, zilizochapwa mjini kabla ya safari. Kama fedha hazitoshi, mwalimu aichore picha hiyo kwa ukubwa kwenye karatasi ya manila, lakini awaambie watoto kwamba huo ni mchoro wake. Zaidi ya hapo, vipande vya boksi vilivyokatwa tundu la mstatili katikati, lenye ukubwa wa kadi ya posta.

Hatua ya kwanza (dakika 15): Kutazama bila kueleza. Makundi ya wanafunzi wanane yapewe picha. Kila kundi liorodheshe vitu linavyoviona tu. Mwanafunzi akisema, “Watu hawa wamechoka,” mwalimu amwulize anaona nini kinachomfanya aseme hivyo. Hapa mtoto hujifunza kutenganisha anachokiona na anachokidhani.

Hatua ya pili (dakika 25): Kuhoji. Tuseme picha ni ya kawaida kabisa ya aina yake: reli mbele, garimoshi limesimama, msitu katikati, mlima nyuma. Mazungumzo yaweza kwenda hivi:

Mwalimu: Mpiga picha alisimama wapi?
Mwanafunzi: Chini, karibu na reli.
Mwalimu: Umejuaje?
Mwanafunzi: Reli iko mbele na ni kubwa. Mlima uko nyuma.
Mwalimu: Vema. Mnaona nyumba mlimani?
Wanafunzi: Hapana, mwalimu.
Mwalimu: Basi mlimani hapakuwa na watu?

Baada ya swali hili mwalimu anyamaze. Asikimbilie kujibu. Katika darasa lililo chini ya Usambara kuna uwezekano mkubwa kwamba mtoto mmoja atasema habari za migomba. Vijiji vya Wasambaa vilizungukwa na migomba, na mtu aliye mbali huona kijani kitupu. Wasambaa tangu zamani huitenganisha nchi ya juu yenye ubaridi, yaani Shambaai, na nyika iliyo chini yenye joto, na wakulima wengi walipendelea kukaa karibu na ukingo wa mlima ili walime kotekote. Mlima ulioonekana mtupu kutoka dirishani mwa garimoshi ulikuwa na mashamba, njia, masoko na mji mkuu wa Vuga.

Wakati huo ndipo mwalimu atoe habari ya historia. Mwaka 1895, miaka miwili baada ya reli kuanza kujengwa, serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe ni mali ya serikali. Sehemu kubwa za Usambara ziligeuzwa mashamba ya walowezi na misitu ya serikali. Hatusemi kwamba kadi za posta ndizo zilizochukua ardhi. Tunasema kwamba amri ile na picha hizi ziliitazama nchi kwa jicho moja: mahali ambapo nyumba hazionekani, pahesabiwe kuwa hapana mtu.

Vilevile mwalimu awatajie kadi ya namna nyingine. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ilianzisha kadi za kazi, zilizomlazimisha mwanamume kufanya kazi kwa mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne. Basi mlima mmoja ulikuwa na kadi mbili. Moja ilipelekwa Ulaya ikiwa na salamu. Nyingine ilikaa mkononi mwa mkulima, na siku zake zilihesabiwa. Watoto waulizwe ni ipi kati ya hizo inayoeleza zaidi maisha ya Usambara ya wakati ule, na watoe sababu.

Hatua ya tatu (dakika 30): Kutoka nje. Kila wanafunzi wawili wachukue kipande kimoja cha boksi lenye tundu, wafumbe jicho moja, na kuutazama mlima kupitia tundu hilo. Wachague picha mbili: moja ya kumwuzia mgeni, na nyingine ya kumpelekea ndugu aliyehamia mbali ambaye anapakumbuka nyumbani. Wazichore zote mbili. Mara nyingi picha ya mgeni itakuwa na kilele na miti. Picha ya ndugu itakuwa na kisima, njia ya shambani, mwembe wa fulani, au paa la nyumba yao. Tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe. Mtoto aliyeondoa bomba la maji kwenye picha yake kwa sababu “halipendezi” amekwisha kuielewa kazi ya mpiga picha kuliko atakavyoielewa kwa maelezo ya saa nzima.

Hatua ya nne (dakika 10): Kujumlisha na kutoa kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi awaulize wazee wawili majina ya sehemu za mlima zinazoonekana kutoka kijijini: migongo, mito, mapango na misitu. Kadi ya posta huandika jina moja tu, Usambara. Darasa likirudi na majina thelathini, yaandikwe yote kwenye mchoro mmoja mkubwa na kubandikwa ukutani. Wanafunzi wakumbushwe kuamkia kwanza, kumweleza mzee sababu ya kuuliza, na kumshukuru. Mzee akikataa kutaja mahali pa matambiko, asishurutishwe.

Kupima mabadiliko

Picha za zamani zina faida nyingine: huonyesha nchi ilivyobadilika. Mfano maarufu ni Kilimanjaro. Tangu reli ilipofika Moshi, barafu ya kileleni imepigwa picha mara nyingi. Vipimo vinaonyesha kwamba mwaka 1912 barafu hiyo ilienea zaidi ya kilomita za mraba 11, na kufikia mwaka 2011 zilibaki pungufu ya 2. Picha za zamani na za sasa zikiwekwa pamoja humfanya mtoto aone kile ambacho tarakimu peke yake hazimwonyeshi. Lakini awe na tahadhari: theluji iliyoanguka jana huweza kuufanya mlima uonekane mweupe kuliko ulivyo kwa kawaida. Ndiyo maana picha mbili haziwezi kulinganishwa vizuri kama hazikupigwa mahali pamoja na katika msimu mmoja.

Kwa Usambara, darasa laweza kuanzisha kumbukumbu yake lenyewe. Wachague jiwe moja karibu na shule, wasimame hapo kila mwaka mwezi uleule, na kuuchora au kuupiga picha mlima kwa simu ya mwalimu. Tarehe, saa na jina la mahali viandikwe nyuma. Baada ya miaka kumi shule itakuwa na ushahidi juu ya misitu, mashamba na mmomonyoko wa udongo ambao hautapatikana mahali pengine, nao utakuwa umetoka upande wa Mashewa.

Makosa ya kuepuka

1. Kuitumia picha kama pambo. Picha ikibandikwa ukutani bila swali, haifundishi.

2. Kuwaambia watoto kwamba picha ni ya uongo. Si ya uongo. Reli ilikuwapo na mlima ulikuwapo. Kosa huanza pale tunapodhani kwamba hapakuwa na kitu kingine.

3. Kujibu maswali yote mwenyewe. Kuhusu mlima wa kwao, mara nyingi mtoto wa Mashewa anajua zaidi ya mwalimu aliyetoka chuoni, na mwalimu hapungukiwi heshima kwa kumwuliza.

4. Kusahau waliojenga. Katika kila picha ya garimoshi kuna tuta, daraja na mataruma. Ulizeni ni mikono ya nani iliyoyaweka.

Hitimisho

Garimoshi la abiria lilirudi tena katika njia hii mwaka 2019, likitoka Dar es Salaam kwenda Moshi, baada ya kukosekana kwa miaka mingi. Kwa hiyo watoto wetu nao huenda siku moja wakaketi dirishani, simu mkononi, wakaipiga picha milima wasiyoijua ya watu wasiowajua. Tukiwafundisha leo kuuliza ni nani anayeishi nyuma ya ule msitu, wataitazama nchi ya wenzao kwa heshima ambayo mlima wao haukuipata.

Maswali ya majadiliano kwa wanachuo

1. Chagua picha moja ya zamani ya mahali unapopafahamu. Andika mambo matano ambayo mwenyeji angeyaongeza.

2. Tayarisha maandalio ya somo la dakika 40 juu ya picha hiyo kwa darasa lisilo na umeme wala nakala zaidi ya moja.

3. “Rangi si ushahidi.” Jadili usemi huu kwa kuzingatia kadi za posta na picha zilizomo katika vitabu vya kiada unavyovitumia.